Jinsi ya Kumpata Ofisa Mwandamizi wa Jeshi kwa Bodi ya Makumbusho ya Taifa

Bodi nyingi huanzia mahali pasipofaa: huanza na jina. Mjumbe mmoja anamfahamu jenerali mstaafu, mwingine anasema huyo akiingia milango ya wizara itafunguka, na kabla kikao hakijafungwa barua imeshaandikwa. Mwaka unapokwisha, jenerali amehudhuria kikao kimoja tu; au amehudhuria vyote na hakuna anayethubutu kumpinga, jambo ambalo ni baya zaidi. Kasoro zote mbili zina chanzo kimoja. Bodi ilikwenda kutafuta cheo, na cheo ndicho ilichokipata.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, katibu wa bodi na kamati ya uteuzi. Tengeni miezi sita hadi tisa tangu siku ya kwanza hadi mjumbe aketi kitini. Kama mteuzi ni waziri au mkuu wa nchi, ongezeni mitatu.

1. Andikeni pengo kabla ya kutaja jina

Chorea bodi jedwali. Upande wa kushoto, kwenda chini, ni wajumbe waliopo, na tarehe ya kumalizika kipindi cha kila mmoja. Juu, kwenda kulia, ni stadi: fedha na ukaguzi, sheria, uhifadhi wa vioneshwa, utafiti, elimu, majengo na ardhi, uchangishaji, usalama, teknolojia, na uhusiano na jamii ambazo vioneshwa vilitoka kwao. Jaza kila kisanduku kwa alama 0 hadi 3. Kisha futa wajumbe ambao vipindi vyao vinakwisha ndani ya miezi 18 ijayo. Stadi inayobaki na sifuri tupu ndiyo penye pengo.

Sasa jiulizeni kama pengo hilo linazibwa na mwanajeshi, na mwanajeshi wa aina gani. Neno “ofisa mwandamizi” halitoshi. Aliyepanda ngazi kupitia ugavi amezoea maghala, orodha za mali na usafirishaji wa vitu vya thamani. Mhandisi wa jeshi atasoma mchoro wa jengo jipya na kuona mahali maji ya mvua yatakapoingilia. Mwanasheria wa jeshi anaujua Mkataba wa The Hague wa 1954 wa kulinda mali za utamaduni wakati wa vita, ambao kifungu chake cha 7 kinazitaka nchi wanachama ziandae majeshi yao kwa kazi hiyo tangu wakati wa amani. Aliyesimamia chuo cha ulinzi ameishi na bajeti, mitaala na wanataaluma wabishi. Kamanda wa vikosi vya mapigano ndiye jina linalojulikana zaidi mitaani, na mara nyingi ndiye anayegusa visanduku vichache zaidi katika jedwali.

Baada ya Makumbusho ya Taifa ya Iraq mjini Baghdad kuporwa Aprili 2003, uchunguzi wa upande wa Marekani uliongozwa na Matthew Bogdanos, kanali wa akiba wa kikosi cha Marines. Cheo kilimpa askari na magari. Lakini katika maisha ya kiraia Bogdanos alikuwa mwendesha mashtaka, na ujuzi wa kufuatilia mali ya wizi na kushika ushahidi hautoki kwenye beji za begani. Tafuteni ujuzi wa namna hiyo.

Tahadhari moja kuhusu watu wa ugavi, kwa sababu ndio wanaovutia zaidi. Ghala la jeshi hupanga vitu ili vitoke haraka. Ghala la makumbusho hupanga vitu ili visiguswe. Makumbusho mengi makubwa sasa hulenga unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25 kwa vioneshwa vingi, bila kupandapanda ghafla ndani ya siku moja. Mtu aliyezoea kupima ghala kwa kasi ya kutoa mzigo ataona uvivu pale ambapo mhifadhi anaona usalama. Si sababu ya kumkataa. Ni sababu ya kumpeleka ghalani mapema, kama tutakavyoona.

2. Someni sheria iliyounda makumbusho

Someni sheria yenyewe na marekebisho yake yote, msiridhike na muhtasari. Mnatafuta majibu ya maswali manne: nani anateua, wajumbe ni wangapi kwa uchache na kwa wingi, nani amezuiwa, na kama kuna kiti kinachokwenda na wadhifa.

Swali la mwisho hubadilisha kila kitu. Mahali pengine kiti ni cha ofisi, si cha mtu. Sheria ya Urithi wa Taifa ya Uingereza ya 1983, kwa mfano, inampa Konstebo wa Mnara wa London (cheo cha heshima cha mkuu wa ngome hiyo, si polisi) kiti katika bodi ya Royal Armouries, makumbusho ya taifa ya silaha, kwa sababu ya wadhifa wake, na kwa desturi konstebo huwa mwanajeshi mwandamizi. Kwenye kiti cha namna hiyo bodi haimchagui mtu, hupokea anayeletwa. Kinachobaki mikononi mwenu ni kuzungumza na mamlaka inayomleta, mapema, na kuipa maelezo ya kazi ili nayo ijue inamtuma nani kufanya nini.

Kama kiti ni cha mtu binafsi, mna uhuru, na pia mna mzigo wa kuonyesha kwamba mlichagua kwa haki.

3. Aliye kazini au aliyestaafu?

Hapa bodi hupaswa kuamua kabla ya kutangaza nafasi.

Ofisa aliye kazini yuko karibu na wizara ya ulinzi, anajua ni nani wa kupigiwa simu, na anaweza kusaidia kuazimwa kwa vitu vikubwa kama ndege, mizinga na magari ya kivita. Lakini yuko chini ya amri. Mkuu wake akimwambia jambo kuhusu makumbusho, je, ni ushauri au ni agizo? Hata yeye hajui kila mara. Hawezi kusema hadharani apendavyo, na jeshi huhamisha watu: kila baada ya miaka miwili au mitatu anaweza kuwa mji mwingine au nchi nyingine. Kipindi cha bodi cha miaka minne hakilingani na maisha hayo. Vilevile katiba au kanuni za jeshi za nchi nyingi humzuia aliye kazini kushika nafasi nyingine, au humtaka apate kibali cha maandishi. Kibali hicho kiombwe na yeye mwenyewe kwa wakubwa wake. Bodi ikikiomba, inaonekana imeshamteua.

Mstaafu ana sauti yake na ana muda. Kasoro zake ni nyingine: mtandao wake hupoa kadiri maofisa aliowajua wanavyoondoka, na wengi hupokea viti kwenye kampuni za silaha au ulinzi mara tu wanapovua magwanda. Angalieni pia kipindi cha kusubiri baada ya kustaafu. Uingereza, kwa mfano, wakubwa wanaotoka katika utumishi huendelea kubanwa na kanuni za kuomba ruhusa ya kazi mpya hadi miaka miwili.

Kwa makumbusho mengi, jibu letu ni mstaafu wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Mtandao bado una joto, na mazoea ya kutoa amri yameanza kulegea. Aliye kazini mumtumie kama mjumbe wa kamati ndogo ya kitaalamu, isiyopiga kura.

4. Maelezo ya nafasi, kurasa mbili tu

Mwanajeshi husoma hati ya kazi kwa makini kuliko watu wengi, kwa hiyo kila neno lililoachwa wazi litajazwa naye. Andikeni:

- idadi ya vikao kwa mwaka, kwa kawaida vinne hadi sita, pamoja na kamati moja au mbili;
- siku halisi za kazi, zikiwamo za kusoma makabrasha; 12 hadi 20 kwa mwaka ni makadirio ya haki;
- urefu wa kipindi na mara ngapi kinaweza kurudiwa. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu uteuzi wa umma unaweka ukomo wa kawaida wa vipindi viwili, na mtu asizidi miaka kumi katika nafasi moja; ni kipimo kizuri hata pasipo na kanuni;
- posho, nauli, na kama hakuna malipo, semeni hakuna;
- bima ya wajumbe dhidi ya madai;
- mpaka kati ya bodi na menejimenti.

Kipengele cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho ambacho hati nyingi hukiandika kwa sentensi moja ya jumla. Jeshini, anayepanga na anayeamuru ni mtu mmoja. Kwenye bodi, mjumbe hupitisha mkakati, bajeti na sera, huajiri na kupima mkurugenzi mkuu, basi. Hampi mhifadhi kazi. Hachagui picha ya kutundikwa ukutani. Hamwiti mkuu wa ulinzi ofisini kumweleza mpangilio mpya wa lindo, hata kama mpangilio uliopo unachekesha. Andikeni mifano mitatu kama hiyo ndani ya hati. Mifano inaeleweka, neno “usimamizi wa kimkakati” kila mtu hulitafsiri kivyake.

5. Kutafuta

Tangazeni. Hata kama mna majina, tangazeni, na muache wiki nne. Pelekeni tangazo kwenye vyama vya maofisa wastaafu, vyuo vya ulinzi, makumbusho ya vikosi, vyama vya historia ya kijeshi, na taasisi zinazotunza makaburi ya vita. Ombeni watu wa kada ya tiba, sheria na elimu kwa kuwataja, la sivyo mtapokea maofisa wa askari wa miguu peke yao. Maofisa wanawake wengi wako kwenye kada hizo, na mtandao wa marafiki wa mwenyekiti huwapita bila kuwaona.

Kosa la kawaida ni kumwandikia mkuu wa majeshi “atupendekezee ofisa anayefaa”. Atapendekeza. Baada ya hapo mkimkataa mliyeletewa, mmemvunjia heshima mkuu wa majeshi. Mkimkubali, mmekabidhi uteuzi wenu nje. Kama itifaki inataka barua iende huko, iandikeni kuwa taarifa: tuna nafasi, vigezo ni hivi, tunaomba tangazo lisambazwe.

6. Mazungumzo ya kwanza

Mwenyekiti ndiye azungumze, ana kwa ana, dakika 45. Mwite kwa cheo chake mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo. Hilo ni adabu na halina gharama. Baada ya hapo zungumza naye kama mjumbe mtarajiwa, si kama mgeni rasmi.

Msimpokee kwa gwaride la wafanyakazi na picha za gazeti. Kwanza mnatangaza uteuzi usiokuwepo, pili mnamfundisha kwamba hapa atapokewa hivyo kila siku. Mpelekeni ghalani. Mwacheni na mhifadhi nusu saa, halafu baadaye mwulizeni mhifadhi jambo moja tu: aliuliza maswali, au alitoa maelekezo?

Msimwahidi uenyekiti. Kama mnatarajia achangishe fedha, mwambieni sasa. Maofisa wengi hawajawahi kuomba fedha kwa mtu binafsi, na wengine huona ni aibu.

7. Uchunguzi

Hatua hii ndiyo inayorukwa, kwa sababu kuuliza jenerali maswali kunaonekana ni utovu wa heshima. Ni kinyume chake. Ofisa mwandamizi amechunguzwa maisha yake yote. Anayekasirikia maswali amewapa jibu.

Anzeni na rekodi ya utumishi. Aliongoza wapi, lini, operesheni gani? Linganisheni majibu na ripoti za tume, hukumu za mahakama na kumbukumbu za bunge. Si lazima awe na hatia ya lolote. Swali la makumbusho ni jembamba zaidi: je, tuna au tutakuwa na maonesho kuhusu tukio ambalo yeye alikuwamo? Kama lipo, andikeni mapema kwamba hatashiriki maamuzi yake. Makumbusho yanayosimulia uasi, mapinduzi au vita vya ndani hayawezi kuwa na shahidi mwenye maslahi akipitisha maandishi ya ukutani.

Pili, mikusanyo binafsi. Wanajeshi wengi hukusanya medali, silaha, sare na ramani. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho za 2004 zinasema wajumbe wa chombo cha uongozi, ndugu zao na watu wao wa karibu wasiruhusiwe kununua vitu vilivyoondolewa kwenye mkusanyiko wanaousimamia. Mwombeni orodha ya alicho nacho na namna alivyokipata. Kitu alichochukua kwenye uwanja wa vita na kukileta nyumbani kama kumbukumbu kinaweza kuwa, kisheria, mali ya nchi nyingine.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo zito. Sehemu ya vitu vilivyomo kwenye makumbusho makubwa duniani ilichukuliwa na majeshi. Hazina za Maqdala nchini Ethiopia zilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1868, na shaba za Ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, mwaka 1897. Mwaka 2019 National Army Museum ya London iliirudishia Ethiopia nywele za Mfalme Tewodros II. Mwaka 2022 Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, iliirudishia Nigeria shaba 29 za Benin. Maombi ya namna hii yatafika mezani kwa bodi yenu, ama kama mwombaji ama kama mwombwaji. Ofisa ambaye kikosi chake, au kikosi mama cha kikosi chake, kilikuwa huko hatakuwa mtu asiye na upande. Si kosa lake. Lakini lazima ijulikane kabla ya kura.

Tatu, kazi za sasa: bodi za kampuni, ushauri, hisa. Kampuni ya silaha inayodhamini maonesho huku mjumbe wenu akilipwa nayo ni habari ya ukurasa wa mbele. Nne, siasa: mwulizeni waziwazi kama ana nia ya kugombea. Tano, kiapo cha siri. Mjumbe aliyeapa kutunza siri hawezi kuwaambia kila anachojua kuhusu nyaraka za jeshi mnazozihifadhi. Pataneni kwamba pale atakaponyamaza kwa sababu hiyo atasema “hapa siwezi kuzungumza”, ili bodi isichukue ukimya wake kuwa ni kukubali.

8. Usaili

Jopo la watu wanne, mmoja wao kutoka nje ya bodi. Wagombea wote, wenye sare na wasio na sare, waulizwe maswali yaleyale, na kila mjumbe wa jopo aandike alama 1 hadi 5 kabla ya majadiliano. Maswali matatu yafuatayo hufichua zaidi kuliko maelezo ya maisha ya mtu:

Jamii fulani inaomba irudishiwe ngoma iliyochukuliwa na jeshi kwenye vita vya karne iliyopita. Mkurugenzi anashauri irudishwe, wizara haitaki. Utafanya nini wiki ya kwanza? Jibu zuri huanza na kuuliza sheria inasemaje na rejista ya kitu hicho inaonyesha nini. Jibu baya huanza na msimamo.

Mkurugenzi mkuu amekataa pendekezo lako mbele ya wafanyakazi. Unasemaje? Sikilizeni kama anatafuta nafasi ya bodi au nafasi ya kamanda.

Katika mkusanyiko kumegunduliwa guruneti ambalo huenda bado ni hai. Unaweza kulikagua? Jibu pekee linalokubalika ni hapana: chumba kifungwe, watu watoke, waitwe wataalamu wa mabomu walio kazini. Anayejibu “mimi nina uzoefu” amekosa swali, hata kama kweli anao.

9. Barua ya uteuzi

Itiwe saini kabla ya tangazo lolote, na kama sheria inataka gazeti la serikali, ngojeni litoke. Pamoja na barua, mjumbe asaini tamko la maslahi na kanuni za maadili. Ongezeni mistari miwili ambayo wajumbe wengine hawaihitaji: kwamba anahudhuria kwa nafasi yake binafsi wala hawakilishi jeshi, na kwamba haji vikaoni na sare wala msaidizi wa kijeshi.

10. Siku 90 za kwanza, na meza yenyewe

Wiki mbili za mwanzo mpeni sheria, mkakati, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na mihtasari ya vikao sita vilivyopita. Kabla ya kikao cha kwanza awe ametembelea ghala, maabara ya uhifadhi na idara ya elimu. Mpeni mjumbe mzoefu wa kumsindikiza, ikiwezekana mtu wa fedha au mwanasheria, si shabiki wa historia ya vita. Wakiwekwa pamoja wawili hao watazungumza mizinga hadi kipindi kiishe.

Tatizo kubwa huja baadaye, na halitoki kwake. Hutoka kwa wenzake. Akisema jambo, chumba kinanyamaza. Profesa aliyekuwa na hoja anaikunja na kuitia mfukoni. Jeshi lenyewe linaujua ugonjwa huu na lina dawa yake: katika mahakama nyingi za kijeshi, kura huanza kupigwa na ofisa mdogo kwa cheo na kumalizikia kwa mkubwa, ili mdogo asifuate upepo. Mwenyekiti afanye hivyohivyo. Katika kila hoja nzito azunguke meza, na mwanajeshi aseme mwishoni. Mwelezeni sababu, ataielewa kabla hamjamaliza sentensi. Kwenye muhtasari andikeni “mjumbe alishauri”, pasiwe na “Jenerali aliagiza”. Na asipewe uenyekiti wa kamati ya usalama mwaka wa kwanza. Kila mtu atatarajia apewe, lakini humo ndimo atakamoteleza kirahisi zaidi kuingia kwenye kazi ya menejimenti. Kamati ya ukaguzi inamfaa: kazi yake ni kuuliza, na nidhamu ya kufuatilia mapendekezo hadi yatekelezwe anayo tayari.

Mwezi wa kumi na mbili mwenyekiti akae naye saa moja na jedwali la hatua ya kwanza mkononi, waangalie kama sifuri ile imeondoka. Kama aliye kazini amehamishwa na anakosa vikao viwili mfululizo, msisubiri kipindi kiishe. Barua ya uteuzi iwe na kifungu kinachomruhusu ajiuzulu kwa notisi ya siku 30, na katibu awe na barua ya kujiuzulu tayari kwa saini.